Saa Kumi, Bosi Alikuwa Amelala

Jumanne, 4 Machi

Bosi amevishwa fulana! Ya buluu, ina mfuko mgongoni, na ndani ya mfuko kimashine kidogo kama kiberiti. Wamemnyoa kifuani sehemu mbili, wakambandika nyaya. Mbwa mzima na kitambi chake, anatembea kama afisa. Nimecheka hadi Binti akanikanya mbele za watu.

Si jambo la kuchekesha, najua. Wiki jana alianguka kwenye ngazi, akalegea, macho meupe. Nikadhani ndiyo basi. Kumbe anaamka anatafuta bakuli lake! Daktari wa wanyama anasema lazima moyo usikilizwe siku nzima, akiwa nyumbani kwake na raha zake. Kazi yangu mimi ni fomu — kila saa niandike anafanya nini. Amekula. Amelala. Amebweka. Wakilinganisha na mashine, watajua moyo umeruka kwa sababu gani.

Kliniki nimemkuta na paka anapimwa. Ananguruma kwa raha hadi daktari hasikii mapigo. Wakafungua bomba la maji karibu naye — kimya! Kweli elimu haina mwisho.

Jumatano, 5 Machi

Fomu imejaa, mwandiko safi kabisa. Ila penye saa kumi jioni nimeandika: amelala.

Hakulala.

Alikuja Mawimbi, fundi redio wa mtaa wa pili, kunirudishia redio. Mara ya nne inaharibika mwaka huu, maskini. (Mara mbili nimeichomoa waya mwenyewe.) Akaiwasha kuijaribu, ukatoka wimbo wa zamani, akaninyooshea mkono. Mimi, mtu wa miaka sitini na moja, jikoni, na kandambili! Tumecheza nyimbo tatu. Bosi naye akaruka, akazunguka, akabweka, akapanda kiti. Sufuria ikaungua. Sijali!

Sasa ningeandikaje? Fomu anaisoma Binti kwanza. Tangu baba yake afariki, miaka sita sasa, wimbo wake ni mmoja: Mama, wewe ni wa kupumzika.

Ijumaa, 7 Machi

Za mwizi arobaini.

Daktari katandaza makaratasi mezani, mistari ya moyo inapanda na kushuka. Siku nzima safi, anasema. Kisha akaweka kidole. Saa kumi na dakika tano mapigo yamepanda ghafla, yamekaa juu dakika kumi na mbili. Na mama umeandika amelala. Moyo wa mbwa aliyelala haupandi hivi, huu ni ugonjwa. Bila huku kupanda, angesema alianguka kwa joto na unene tu. Sasa anataka kumwanzishia vidonge, vya maisha.

Binti akanishika mkono, machozi yanamlengalenga. Bosi chini ya meza anajilamba, hana habari.

Nikauliza, je, akipewa vidonge hivyo mbwa mwenye moyo mzima? Vinaweza kumwangusha kweli, akajibu. Hapo nikasikia baridi.

Nikasema, kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe, labda hakulala sana. Daktari akakunja makaratasi yake. Akaamua apimwe tena Jumatatu, na safari hii aandike mtu mwingine. Binti akadakia: atachukua ruhusa kazini, atakaa kutwa nzima.

Kutwa nzima! Nimejifungia kwenye choo cha kliniki nikacheka hadi nikapaliwa. Sijui kicheko, sijui woga.

Jumapili, 9 Machi

Mawimbi kapiga simu. Nilishamsimulia ya kliniki; kama kuna shida akipita kesho, basi asije, anasema. Muungwana yule! Nilikusudia kumwambia asije. Mdomo ukasema: njoo saa kumi, redio imeharibika tena.

Si uongo. Nimeshaichomoa waya.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi kavishwa fulana tena. Binti yuko naye jikoni tangu asubuhi, mkali kama msimamizi wa mtihani. Saa tatu: amekunywa maji. Saa sita: amelala (kweli leo). Nami ananiona na daftari hili, anadhani ni orodha ya sokoni.

Saa tisa na nusu. Nimevaa gauni la maua. Mama, unakwenda wapi? Siendi popote.

Saa kumi kasorobo. Bado nataka kucheka.

Saa kumi kasoro dakika tatu. Bosi kainua sikio. Kasimama. Mkia unagonga mguu wa meza. Binti kamwekea mkono kifuani — Mama, moyo unamwenda mbio! Na hapa hakuna kitu, hakuna kitu kabisa! Anatafuta simu ampigie daktari.

Nimemwambia aweke simu chini. Aandike: mgeni wa Mama amefika.

Mgeni gani?

Hodi mlangoni. Moyo wangu nao unakwenda mbio, wala sina fulana! Binti kaangalia gauni, kaangalia redio, kaniangalia mimi. Kainamia fomu, anaandika, polepole, na kiganja kafunika nisione.

Hodi ya pili. Nakwenda kufungua