Ruqiya Si Daktari

Bute, 9 Februari 2025

Mwanangu Ruqiya,

Assalaam aleikum. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Mamako goti bado linamsumbua lakini anatembea. Wewe je, joto la Garissa unalivumilia? Unakula? Mnara wa simu umezimika tena, kwa hiyo nimempa Deeq barua hii. Lori lake linakuja huko kuchukua sukari na unga.

Kuna jambo. Alio, yule mtoto wa jirani yetu Samsam, ni mgonjwa. Homa inakuja na kuondoka tangu kabla ya mwaka mpya. Amekonda mikono na miguu, ila tumbo limetoka mbele. Wamempa dawa za malaria, hazikusaidia. Wamemchoma tumbo kwa chuma cha moto, hakuna nafuu. Babu yake, mzee Barre, amesema hawahangaiki tena, wanasubiri daktari wetu aseme. Daktari wetu ni wewe. Andika jina la dawa, Deeq ainunue huko huko.

Hapa sokoni siku hizi hakuna anayeniita Jarso. Ni Baba Daktari tu.

Babako,
Jarso

*

Iftin, Garissa, 14 Februari 2025

Abba mpendwa,

Waaleikum salaam warahmatullah. Mimi ni mzima, na chakula nakula. Mwambie mama asikae chini muda mrefu, awekewe kiti. Nimewakumbuka nyote.

Abba, nilikwambia siku ile barua ya chuo ilipofika, na leo narudia. Sisomi udaktari. Nasoma biolojia. Wiki hii nzima tumekuwa tukipasua kupe na kuwatazama kwenye hadubini. Hakuna anayenifundisha kutibu mtu.

Hata hivyo, habari za Alio zimenitia hofu, nikazipeleka kwa mwalimu wangu, Bi. Saynab. Aliniuliza kama tumbo limevimba upande wa kushoto, chini ya mbavu, na kama watoto wa huko hukaa karibu na vichuguu jioni. Nikamwambia wanacheza juu yake. Akasema huenda ni kalazaa. Ugonjwa huo unaletwa na usubi, kadudu kadogo kuliko mbu, kanakojificha kwenye nyufa za kichuguu. Kanapouma kanaacha vijidudu vinavyokwenda kukaa kwenye bandama, ndiyo maana tumbo linavimba. Haujiishii wenyewe, Abba. Mtoto asipotibiwa hufa. Akitibiwa mapema, wengi hupona.

Hakuna dawa ya kununua dukani. Apelekwe hospitali kubwa ya Wajir akapimwe damu. Waende wiki hii, tafadhali.

Bintiyo,
Ruqiya

*

Bute, 20 Februari 2025

Mwanangu Ruqiya,

Salaam nyingi. Mamako amepata kiti, anakuombea dua. Sisi wazima, ila kwa Samsam si wazima. Mtoto sasa halii tena akishikwa tumbo, anatazama tu.

Niliwaambia waende Wajir. Barre amekataa. Anasema kaka yake alipelekwa Wajir miaka ile akarudishwa amefunikwa. Anasema kama binti wa Jarso ni daktari, kwa nini awapeleke kwa madaktari wasiowajua? Aje mwenyewe wakati wa likizo.

Nimefikiri sana. Huyu mzee hatanisikiliza mimi, lakini daktari atamsikiliza. Basi niandikie karatasi moja. Iseme: mimi Daktari Ruqiya Jarso naamuru mtoto apelekwe Wajir. Uipige muhuri wowote wa hapo chuoni. Nitaisoma mbele yao na kesho yake watapanda lori. Ni mara hii moja tu, na ni kwa ajili ya roho ya mtoto.

Babako,
Jarso

*

Iftin, Garissa, 24 Februari 2025

Abba,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi mwili ni mzima, moyo sio.

Karatasi hiyo sitaiandika. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Nililala nayo kichwani siku mbili, nikaanza hata kuiandika. Kisha nikamkumbuka yule mama aliyenifuata kisimani likizo ya Desemba. Alinionyesha uvimbe kwenye titi. Nilimwambia mimi si daktari, aende hospitali. Akacheka, akasema, "Babako alituambia hupendi kujisifu." Mpaka leo sijui kama alikwenda.

Unaona, Abba, Barre hamkatai daktari. Anamsubiri daktari, na daktari huyo hayupo. Nikiandika karatasi hiyo, Alio atakwenda Wajir, na baada yake kila mgonjwa wa Bute atabaki nyumbani akinisubiri mimi.

Nenda kwao. Usipeleke barua yangu, peleka mdomo wako. Waambie ukweli. Najua nakuomba kitu kizito, na wewe ndiye unayeishi hapo, si mimi. Lakini nenda leo.

Bintiyo,
Ruqiya

*

Iftin, Garissa, 18 Machi 2025

Abba mpendwa,

Assalaam aleikum, na Ramadhani njema. Hamjambo? Simu yako bado haipatikani. Deeq sijamwona tangu nimpe ile barua. Wenye maduka wanasema mvua imekata barabara. Nampa barua hii dereva mwingine anayejaribu kupita.

Kama umekasirika, kasirika, lakini niandikie. Alio yuko wapi? Bi. Saynab ananiuliza kila tukikutana darasani, nami sina la kumwambia. Nikitazama hadubini siku hizi naona yule mtoto.

Bintiyo,
Ruqiya

*

Wajir, 3 Aprili 2025

Mwanangu Ruqiya,

Waaleikum salaam. Idi ilikuwa njema. Nakuandikia nikiwa hospitali ya Wajir, lakini mgonjwa si mimi.

Barua yako ilinikasirisha, nisikufiche. Niliiweka mfukoni, nikaenda kuangalia ngamia wetu, nikarudi, nikaisoma tena. Jioni nikaenda kwa Barre. Nikasema, "Ruqiya si daktari. Hajawahi kuwa. Ni mimi niliyesema."

Barre akanitazama. "Haya ya Wajir kayasema nani?"

"Yeye na mwalimu wake."

"Na yeye si daktari."

"Si daktari."

"Basi hakuna safari," akasema.

Samsam alikuwa nje anakamua mbuzi. Aliingia na chombo cha maziwa mkononi, akauliza, "Kumbe tulikuwa tunamsubiri nani?" Akasema, "Kama hakuna anayekuja, basi sisi ndio tuende." Akaweka maziwa chini, akaenda kumvalisha mtoto shati. Barre hakumzuia. Alibaki amekaa, naye ni mzee, Ruqiya, nilimwonea huruma.

Nilikwenda nao, maana sikuweza kubaki. Mvua ilitukwamisha njiani, tukalala chini ya lori la Deeq mpaka maji yakapungua. Hapa walimpima, wakasema ni kalazaa. Damu ilikuwa imemwisha. Walitafuta mtu wa kumpa, yangu ikafaa, nikatoa. Sindano ni kila siku, na mwanzoni tulidhani tutampoteza. Sasa tumbo limeanza kupungua. Jana alimrushia mamake kijiko kwa sababu uji haukuwa na sukari. Wodi nzima ilicheka.

Barre alikuja siku ya Idi. Alikaa karibu na kitanda mpaka jua likatua, mkono wake kwenye mguu wa mtoto. Mimi hakunisalimia. Bute pia wako wanaonicheka, nami nitarudi niishi nao hivyo hivyo. Yule mama wa kisimani nimemtuma Deeq kwake, amwambie kwa mdomo wangu kwamba wewe si daktari, aende hospitali.

Jambo la mwisho. Muuguzi aliniuliza nani alitwambia tuje. Nikasema binti yangu, yuko chuo kikuu. Akauliza, "Anasoma nini?" Nikasema biolojia. Akauliza ni biolojia ya nini hasa, na anataka kufanya nini nayo. Nikamwambia nitakuuliza. Huu ni mwaka wako wa tatu, na sijawahi kukuuliza.

Niandikie. Anza mwanzo, uende polepole. Sindano za mtoto bado hazijaisha, na mimi hapa sina kazi.

Babako,
Jarso