Mwalimu Birindwa Iko Wapi?

Tabora, mvua za mwisho

Mugisho, mudogo wangu wa tumbo moja,

Jambo kwako, jambo kwa bibi yako Nabintu, jambo kwa batoto. Muko namna gani? Maman kule Nyantende, mugongo imepoa kidogo, ao angali anatembea na fimbo? Na maharagi, mvua imewaachia hata ya kupika? Mimi mwili iko muzima. Ni roho ndiyo inagonjwa, na ule ugonjwa nilijitafutia mwenyewe.

Usishangae juu ya enveloppe nimeandika "Mwalimu Birindwa". Ni jina yangu, lakini pale shuleni ni wewe banaita hivyo. Nilipotoka Bukavu kuja kutafuta maisha huku Tanzania, tulipatana: wewe usiye na diplome uingie mu darasa yangu, uitike jina yangu, usaini mushahara yangu, ulishe nayo batoto. Directeur alijua, akanyamaza. Ilikuwa inaenda vizuri. Ni mimi niliiharibu.

Unajua huku sina ruhusa ya kufanya kazi. Niko tu bwana wa Zuhura, na kila mwaka biro ya bageni inataka nionyeshe kama nakula pesa ya kwetu, hapana kazi ya benyeji. Ndiyo maana nilikuwa nakuomba bulletin, ile karatasi ya mushahara. Mwaka ya kwanza ilipita. Mwaka hii baliweka bwana mupya, kijana wa miwani. Akasema: "Karatasi hailiwi, mzee. Nataka kuziona hizo pesa zikiingia." Ndiyo nikakuandikia utume mushahara ya miezi tatu mu mikono ya Papa Shabani, ule mufanyabiashara wa Uvira. Niionyeshe tu, halafu yeye akirudi akurudishie.

Sasa sikia, Mugisho. Mu barua yangu ya mwisho nilikuambia kama Papa Shabani aliikula mu njia. Ni uongo. Alifika hapa na pesa yote, imefungwa mu kitambaa vile Nabintu aliifunga, hata fundo hakugusa. Niliionyesha biro. Jioni mama mukwe akasema mbele ya majirani: "Mkwe wangu tajiri huyu! Mshahara nchi za nje, na binti yangu mvua inamnyeshea kitandani!" Balicheka mpaka kushika tumbo. Haya ikanishika. Kesho yake ile pesa nikaibadilisha ikuwe shilingi, nikanunua mabati. Papa Shabani alipopita kuichukua, nikamuambia nitaituma kwa njia ingine. Sasa kila mvua ikipiga juu ya ile bati, nasikia batoto yako.

Uliniandikia kama mutoto wako wa kwanza alifukuzwa juu ya kukosa minerval, pesa ya masomo, mu shule ile ile baba yake anafundisha. Tena uliandika kama ulienda sokoni ukamuita Papa Shabani mwizi, bantu bote banasikia. Nilisoma, nikakunja barua, nikaenda kula. Hivyo ndivyo nilikuwa.

Juma iliyopita nikaenda biro kuchukua muhuri ya kukaa huku. Bwana wa miwani akaangalia bulletin, akaniangalia.

"Mzee, huu mshahara ni wa mwezi uliopita?"

"Ndiyo, bwana."

"Wa kufundisha?"

"Ndiyo."

"Na mwezi uliopita ulikuwa hapa hapa Tabora."

Nikanyoosha mukono nirudishe bulletin yangu.

"Basi chaki yako ni ndefu, mzee! Unakaa hapa, inafika mpaka ubao wa Bukavu!"

Biro yote ikacheka. Yeye hakucheka. Akasema ataandikia shule yenyewe, aulize: Mwalimu Birindwa yuko wapi?

Mugisho, hapo niliona shimo. Directeur akijibu kama Birindwa iko mu darasa, mimi ni mwongo huku. Akijibu haiko, wewe unafungwa, na batoto banajua njaa ya kweli. Mudomo ikasema mbele ya akili: "Usiandike, bwana. Ile pesa si yangu." Nikaomba makaratasi yangu yote, nikatoka nayo. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi niache inchi.

Nilimuelezea Zuhura yote. Alikuwa anachambua muchele, hakuinua kichwa. "Kwa hiyo mwalimu aliyenioa yuko Bukavu," akasema. "Na wewe ni nani?" Hatakuja na mimi. Na Neema, mutoto wetu, ndiyo kwanza ameanza kutembea. Mimi nafunga mizigo, yeye anaifungua, anacheka. Anazani ni muchezo. Nafunga tena, anafungua tena. Nimekosa nguvu ya kumukataza.

Papa Shabani ndiye anakuletea hii barua. Nimemuambia yote, uso kwa uso. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu: "Na binadamu wa sokoni, nani atawaambia?" Basi umupe kiti, Nabintu amupikie chai, halafu uende naye sokoni umuombe musamaha pale pale ulimutukana. Nikifika nitaenda kupiga magoti mimi pia.

Kwa maana nakuja. Lakini Birindwa lazima abaki mu darasa, alipwe. Ile kitambulisho yako ya zamani, ya Mugisho, usiitupe. Ni mimi nitaishika. Nitaenda moja kwa moja Nyantende kulima na maman, sitakanyaga mbele ya shule. Muhogo ya kwanza nitauza, minerval ya mutoto ilipwe. Najua maman ataniita Birindwa kwa sauti kubwa, kilima yote isikie. Sitaitika. Na siku tutakula pamoja, nyama ya mukubwa uchukue wewe. Mukubwa ni ule anayelisha.

Salimia maman, usimuelezee bado. Salimia tantine wetu wa Nguba, ule shangazi aliyeuza mbuzi yake nisome. Salimia directeur, umuambie asante ya kunyamaza. Salimia Nabintu, kama anakubali salamu yangu. Na mutoto wako, umuambie kama ni mimi, tonton yake, nilimufukuzisha shule, si baba yake.

Ukimaliza kusoma, choma.

Mudogo wako tangu leo,

Mugisho