Siku Kumi za Zakiya

Ganjoni, Jumapili, 9 Julai 1995

Mdogo wangu Zakiya,

Asalaam alaykum. Nimekukosea, na nalitanguliza hili kabla ya kukuuliza hali, maana nikianza na hali nitazunguka mpaka karatasi iishe. Asubuhi ile nilipopiga simu dukani kwa kina Swabaha kule Malindi, nikasema Mama yu taabani, upande basi la kwanza, haikuwa kweli. Mama alikuwa kitandani kwake vile vile ulivyomuacha.

Mimi na wifi yako Shukri hatujambo. Wewe je? Na Mama, mguu wapungua kuvimba? Nauliza kwa karatasi kwa sababu jana ulinifungia mlango, na Bimdogo jirani yenu akanipigia kelele dirishani kwake: "Ghafur, wasumbua mtaa! Andika barua, nitampa pamoja na mahamri yake." Basi naandika.

Tangu Mama apooze miaka mitatu sasa, wewe hujatoka hata kulala nje siku moja. Ukaomba siku kumi tu ukapumzike kwa rafiki yako Swabaha, nami nikasema nenda, nitakaa na Mama. Siku ya tatu nikakurudisha. Ilikuwa ni shaka. Nilikuona na buibui jipya, umejifukiza udi, na Swabaha ana kaka aliyefiwa na mke. Nikajiambia, huyu haendi kupumzika, huyu aenda kuolewa, na Mama nimeshaachiwa mimi. Nisamehe.

Kakako,
Abdulghafur


Mji wa Kale, Alhamisi, 13 Julai 1995

Kaka Ghafur,

Waalaykum salaam. Mama hajambo, mguu umepungua. Mimi pia sijambo.

Barua yako nimeisoma mara mbili na sikuipenda. Buibui ni Mama aliyeniambia ninunue. Na huyo kaka yake Swabaha alioa tena mwaka jana, na harusini ulikwenda wewe mwenyewe, ukarudi ukisifu pilau. Umesahau, ama ulidhani nimesahau mimi?

Niliporudi nilimkuta Mama na leso ile ile niliyomvalisha siku ya safari. Midomo imekauka. Wewe uliniahidi Shukri atakuja asubuhi na jioni amkogeshe na kumbadilisha. Alikuwa wapi? Nilipokuuliza mlangoni ulikimbilia viatu vyako.

Kaka, unaniungamia la uongo ili nisiulize la kweli. Ama ni nyumba unayoitaka? Bimdogo asema ulionekana ukimuonyesha fundi chumba cha chini. Wataka nichoke mpaka nihame mwenyewe? Sema.

Na hata ningekuwa naolewa, ni haramu?

Nduguyo,
Zakiya


Ganjoni, Alhamisi, 27 Julai 1995

Mdogo wangu,

Salaam nyingi kwako na kwa Mama. Natumai mvua haikuingia ndani. Huku tu wazima, ila usingizi sina. Barua hii nimeianza na kuichana wiki mbili.

Fundi alikuja kwa ajili ya bomba linalovuja. Aliyelalamika ni huyo huyo Bimdogo, maji yaingia jikoni kwake.

Sasa la kweli. Shukri hakuja kwa sababu sikumwambia. Unajua hajakanyaga hapo tangu ile Idi Mama alipoisukuma biriani yake mbele ya wageni. Niliogopa kumuomba asije akakataa, nikaogopa kukwambia wewe kwamba siwezi kusema na mke wangu. Kwa hivyo nikakwambia amekubali. Nikadhani nitamudu. Uji najua kupika, dawa najua kumpa.

Kuna jambo moja tu sikulifikiria, nalo ndilo lote.

Siku ya kwanza Mama aliniuliza, "Shukri yuko wapi?" Nikamwambia yuaja. Jioni akauliza tena. Nikamwambia yuaja. Siku ya pili hakuuliza. Nikimpa chai, asema ameshiba. Nikimpa maji, asema baadaye. Mimi nikafurahi, nikaona ametulia! Siku ya tatu ndiyo nikafahamu. Alikuwa hanywi makusudi, ili asinilazimu mimi kumsafisha. Nikamwambia, "Mama, mimi ni mwanao, nitafumba macho." Akavuta leso kwa ule mkono mmoja, akajifunika uso.

Akasema, "Niache hivi hivi. Zakiya atarudi."

Kisha akanambia hajasali tangu uondoke, kwa kuwa hana twahara. Nikatoka mbio mpaka kwenye simu. Kwa hivyo nilipoandika kwamba Mama alikuwa vile vile ulivyomuacha, hilo pia lilikuwa uongo. Maneno ya kuolewa niliyazua nikikungojea kituo cha mabasi, nikitafuta la kukulaumu kabla hujanilaumu.

Kakako,
Abdulghafur


Mji wa Kale, Jumamosi, 29 Julai 1995

Kaka,

Waalaykum salaam. Sote wazima. Mvua haikuingia.

Hayo ya kutokunywa na kutosali Mama alinieleza usiku ule niliorudi. Nilikuwa nangoja nione kama utayasema wewe.

Mimi bado nimechoka, na hizo siku bado nazitaka. Lakini neno lako peke yake halinitoshi tena. Niambie ni nani atakayemkogesha Mama, na aanze lini. Aje kwanza afanye mbele yangu, Mama amzoee, nione mikono yake. Na kama ni Shukri, asije kwa kulazimishwa. Mama ataijua chuki hata akifumba macho.

Zakiya


Ganjoni, Jumanne, 1 Agosti 1995

Mdogo wangu Zakiya,

Asalaam alaykum. Mwambie Mama namsalimu, na sithubutu kumwambia zaidi.

Nimemueleza Shukri kila kitu. Alikuwa akichambua mchele. Akaniangalia mpaka nikaona haya.

"Siku zote hizi Zakiya alidhani mimi nimekubali, kisha nikakosa kuja?"

"Ndiyo."

"Na hukuniuliza hata mara moja?"

"Nilidhani kwa ule ugomvi wa biriani..."

"Mamako alisema sijui kupika," akanambia. "Hakusema sijui kukogesha mtu. Mamangu mzazi nilimkogesha mimi mpaka akafa. Ungeuliza, ungeambiwa."

Kisha akalia, nami sikujua pa kuweka mikono. Nilipomwambia halazimishwi, akanijibu, "Wewe ndiye wa kulazimishwa." Ana sharti lake: biriani hapiki tena hapo.

Najua huniamini, na sikuombi uniamini leo. Jumamosi hii, tarehe 5 Agosti, baada ya sala ya alfajiri, mimi na Shukri tutakuwa mlangoni kwenu. Yeye atapanda juu, umuonyeshe unavyomgeuza Mama na anavyopenda maji yake. Mimi nitabaki chini, niteke maji niyapandishe mpaka mlango wa chumba, nisipite hapo. Tutakuja vivyo hivyo kila asubuhi na jioni mpaka Mama mwenyewe, si mimi, akwambie: nenda.

Kakako,
Abdulghafur