Odowa na Vidonge vya Damu

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, mtaa wetu wa Migosi wote ni matope, na nina hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani. Hapana, najua. Naandika hivyo ili tu nipate pa kuanzia.

Asubuhi nilikuwa kliniki. Zimebaki wiki saba nijifungue. Sista akanitoboa kidole, akaangalia mashine, akanitoboa kingine. Damu imeshuka tena, chini kuliko mwezi jana.

"Mwalimu, hizi dawa unameza kweli?"

"Nameza, sista. Kila siku."

"Na chai? Si nilikwambia inazuia dawa?"

"Chai niliacha."

Yote ni kweli. Vidonge vya damu sijakosa hata siku moja, chai ya maziwa nimeiaga kwa uchungu, na omena, hawa dagaa wa ziwani, nakula mpaka mume wangu ananitania kwamba mtoto atazaliwa na mapezi. Sista akakuna kichwa. Akasema pengine vidonge vyenyewe ni vibaya, atanibadilishia. Kisha akanikumbusha jambo ambalo sihitaji kukumbushwa: nilipomzaa Junior nilitokwa na damu nusura nife, ikabidi niongezewe.

"Ukitoka damu kama ile na uko na hii kidogo, mwalimu, mimi naogopa."

Nilimwacha alaumu vidonge.

Ndani ya mkoba wangu, chini ya vitabu, kulikuwa na mfuko wa odowa.

Kwa wasiotoka huku: odowa ni udongo mkavu wa kijivu, mgumu kama jiwe, unaouzwa sokoni kwa vipande, na wajawazito wengi huutafuna. Unanukia ukuta wa udongo uliomwagiwa maji. Nilianza na kipande kimoja kwa siku. Sasa natafuna jikoni, natafuna ofisini walimu wenzangu wakitoka, Jumapili natafuna hata kabla sijafika geti la kanisa. Mume wangu anajua naonja. Hajui ni kiasi gani.

Na mimi ni mwalimu wa sayansi! Hapo ndipo ninapotamani kujizaba kofi.

Somo la leo mchana lilikuwa ufyonzaji. Niliwaambia wanafunzi walete vitu vya nyumbani vinavyofyonza. Wakaleta sponji, mkaa, tishu, mmoja soksi ya kaka yake. Tulianza vizuri. Sponji hunywa maji na kuyaweka ndani. Shati jeusi hufyonza jua la Kisumu mpaka mgongo unaungua. Utumbo huvuta virutubisho kupitia ukuta wake na kuvitia kwenye damu. Mmoja akasema televisheni humfyonza baba yake mpira ukichezwa, ukimwita hasikii, tukacheka sana. Nikawaeleza kwamba kuna vitu ambavyo havinywi, ila hukamata kilichomo majini na kung'ang'ana nacho kwa nje. Mkaa ni hivyo.

Ndipo Achieng', msichana wa kutoka Obunga, akatoa odowa aliyokuwa ameisaga. Mama yake huiuza. Tukatia matone mawili ya GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, kwenye chupa ya maji, tukamwaga ule unga, tukatikisa, tukangoja. Unga ulituama chini ukiwa wa zambarau. Maji ya juu yakawa meupe kabisa.

Darasa likapiga makofi. Mimi sikupiga.

"Madam," Achieng' akauliza, "si hii ndio mathe huuzia wamama wako na mimba? Na hao wamama hupewa dawa ya damu. Sasa hiyo dawa si itashikwa tu huko kwa tumbo?"

Macho yote yakatua tumboni mwangu.

Nilimfokea. Nikamwambia tuko kwa chupa, hatuko kwa tumbo, akae chini. Miaka tisa nawahimiza watoto waulize maswali, na aliyeuliza swali zuri kuliko yote nimemkalisha kama mkosaji. Naona aibu kuandika haya.

Tena si kwamba sijui. Damu ikipungua, hamu ya udongo inazidi. Nikila udongo, unakamata madini ya chuma kabla mwili haujayafyonza, na damu inapungua zaidi. Nimeyajua haya tangu nikisoma chuoni Maseno. Ningeweza kuyachora ubaoni nikiwa nimefumba macho, na kujua huko hakujanisaidia hata siku moja. Ninachosha! Najichosha mwenyewe.

Saa kumi na moja nilikuwa ofisini nikisahihisha, peke yangu. Nikafikia daftari la Achieng'. Mchoro safi, hatua zote zimo. Kwenye hitimisho ameandika: "Odowa inachukua dawa yote na kuacha maji. Mama mjamzito asikule. Lakini mwalimu alikasirika, kwa hivyo sina hakika kama niko sawa."

Nilisoma mara tatu. Nikampa alama zote, na pembeni nikaandika: Uko sawa. Nisamehe.

Kisha nikampigia sista simu kabla sijabadili nia. Nilitaka kumwambia kwamba vidonge havina kosa lolote, kosa ni langu, na kwamba nimemficha kwa miezi mitano.

"Haloo, mwalimu? Kuna shida?"

Akaniita mara ya pili, kwa wasiwasi, na bado sikuweza kumjibu. Ilibidi kwanza niteme odowa.