Kura ya Kibaraza

Machi 9, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke.

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kuwa ngazi zetu zimepakwa rangi. Unasema wakazi wanataka nirudi niongoze tena kamati ya jengo, kwa kuwa nilikuwa mtu wa haki.

Navikumbuka vikao vile, chai na viti vya kuazima. Mjumbe ambaye jambo lake linajadiliwa alikuwa akitoka, akasubiri ngazini. Tukimtania, "Haya, kapunge upepo, tukuseme vizuri!"

Siku ya kujadili kibaraza cha fundi cherehani, mimi sikutoka. Kibaraza kile kilikuwa kinalizibia mwanga dirisha langu, na sikumwambia mtu. Kura zilipolingana, nikapiga yangu ya mwenyekiti: kibomolewe. Fundi alikuwa akishonea pale. "Sawa mwenyekiti, nyinyi ndio kamati," akaniambia, akahama mwezi uleule. Asubuhi zangu hapo nyumbani zilikuwa na mlio wa cherehani yake; sikujua kama naupenda mpaka ulipokoma.

Wasomee wakazi barua hii kikaoni, usiruke mstari. Kiti wampe mwingine. Mimi sitarudi.

Kaka yako