Shangazi alipopiga simu droni ikiwa nyuma ya mwamba

Jumamosi usiku, Butiama, kwa bibi. Upepo umetulia, vumbi limeshuka, na mimi nanuka moshi wa nyama kuanzia nywele mpaka soksi.

Sato wangu, mambo?

Kama wewe ni mgeni hapa, usishangae. Wasomaji wangu wote nawaitaga sato, kwa sababu samaki sato akitoka ziwani hatuliagi kwenye ndoo, na wewe ungekuwa mtu wa kutulia usingekuwa unasoma mambo yangu saa hizi.

Leo nina furaha mpaka siwezi kukaa. Au ni kwa sababu ya kile kitu cha mchana, sijui. Acha niandike kabla watu hawajaniita tena kwenda kula.

Mnanijua. Mtu wa Bweri, natengeneza simu mjini Musoma, droni nimejifundisha mwenyewe kwa video za mtandaoni, naangusha naokota, naangusha naokota. Kibali ninacho, msianze tena kuniuliza kwenye komenti. Lakini kwetu hasa ni huku Butiama, kwenye nyumba ya bibi iliyokaa chini ya mwamba mkubwa, ule ambao njia ya kutoka barabarani lazima iuzunguke ndiyo ufike getini.

Na leo dada yangu Wegesa, mtoto wa baba mdogo, ameletewa ng'ombe.

Mchumba wake ni wa Nyasura, pale Bunda. Ng'ombe zimekuja na fuso mpaka barabarani, zikashushwa, zikaswagwa kwa miguu. Bibi ndiye aliyetaka hivyo. Anasema ng'ombe za mahari haziingiagi kwa gari kama magunia ya mahindi. Zitembee, watu wazione.

Watu wote, isipokuwa mwenye siku yake.

Kwa bibi, msichana anayeletewa ng'ombe anakaa ndani. Hatoki, hachungulii, mpaka zimeingia zizini na wazee wameridhika. Mwezi uliopita tulikuwa kwangu Bweri tunamenya ndizi, Wegesa akaacha kisu akaniangalia.

"Nyangeta, yaani mimi ndio naolewa halafu mimi ndio sioni kitu. Hilo dude lako lina kazi gani? Nirekodie. Kuanzia zikishushwa mpaka zinaingia. Na sura ya baba mkwe akiwa amejaa vumbi usiikose."

Nikamwahidi. Nikaapa kabisa, kisu mkononi.

Bibi hakupenda. Yeye droni anaiita nzi. Leo asubuhi alikuwa anaanika udaga wake juu ya lile jiwe bapa la uani, muhogo mweupe umetandazwa kama theluji ya kwenye friji, akaniita bila kugeuka.

"Mjukuu wangu, ng'ombe za mahari zikifika mlangoni zikageuka kukimbia, haziingii tena siku hiyo. Wageni wanarudi nazo kwao. Sasa hilo nzi lako likizishtua, wewe ndiye utapanda gari kwenda Bunda kumbembeleza yule kijana. Umenielewa?"

Nimeelewa bibi.

Nilielewa kweli. Mpango wangu ulikuwa mzuri: naipandisha juu sana, mbali na ng'ombe, wala zisisikie. Zikikaribia geti, naishusha mapema uani, basi.

Kosa langu lilikuwa moja tu, na ni kosa la ukoo.

Mtu yeyote anayerusha droni anajua, kabla ya kuruka unaifungia simu yako mtandao, mtu asikupigie. Maana simu ndiyo skrini, ndani yake kuna app, ndiyo inakuonyesha kamera inaona nini, uko juu kiasi gani, chaji imebaki ngapi. Mimi nafanyaga hivyo kila siku. Lakini leo baba mdogo simu yake imezima chaji tangu asubuhi, na shangazi Rhobi, ambaye alikuwa na wageni kule kwenye fuso, alitakiwa apige kwa mtu fulani kuuliza wazee wako tayari au bado. Mtu fulani ni nani? Si Nyangeta mwenye simu kubwa!

Na shangazi Rhobi hakatagi simu. Usipopokea anapiga mpaka simu yako inajisikia vibaya.

Basi nikarusha. Jamani ilikuwa tamu! Droni imepanda, imeuvuka mwamba, kwenye skrini naona fuso imepaki, naona vumbi, naona ng'ombe zimeshashuka zinatembea kwa mstari, mbele jike jeusi lenye paji jeupe linatembea kama linajua linaenda kwa nani. Naona baba mkwe. Ana vumbi. Nimecheka peke yangu. Nikashusha droni kidogo tu, nipate ile sura vizuri kwa ajili ya Wegesa.

Kidogo tu. Tamaa hii.

Halafu nikamwona shangazi Rhobi. Anatembea pembeni ya ng'ombe, kitenge kinapepea, akasimama, akaingiza mkono kifuani, akatoa simu.

Nikasema hapana.

Akabonyeza. Akaweka sikioni.

Hapana shangazi, hapana, hapana!

Skrini ikajaa jina lake. Nikakata. Akapiga. Nikakata. Akapiga, simu ikawa ya moto kama chapati, picha ikaganda kwenye paji la lile jike jeusi, halafu app ikajifunga yenyewe. Nikaifungua haraka. Ikaniambia niingie upya kwenye akaunti, niandike neno la siri. Mtandao wenyewe ni ule wa kutembea kwa magoti. Kiduara kinazunguka, kinazunguka.

Droni iko nyuma ya mwamba. Chini yake kuna ng'ombe za mwenzangu. Mimi sioni kitu.

Baba mdogo alikuwa karibu yangu, akaona nimeganda. "Vipi Nyangeta, ndege yako imeshapata mchumba Bunda?" Watu wakacheka. Mimi jasho linatoka mpaka kwenye magoti, sikujua magoti yanatoaga jasho.

Kitu cha kwanza kichwani: bonyeza kitufe cha kurudi nyumbani. Rimoti inacho, haihitaji app. Ukikibonyeza, droni inarudi yenyewe ilikorukia. Kidole changu kilikuwa kimeshafika.

Kikasimama hapo hapo.

Kwa sababu inarudi kwa urefu uliouweka wewe. Na mimi urefu huo niliuweka Kamunyonge, nilikokuwa najifunzia, ambako kitu kirefu ni paa za watu na mwarobaini mmoja. Sijaubadilisha. Huku kuna mwamba. Ningebonyeza, ingekuja mbio moja kwa moja ikaubusu mwamba, ikadondoka vipande vipande kwenye njia mbele ya ng'ombe. Na hapo hapo ilipo, ikipoteza mawasiliano na rimoti kwa sababu ya ule mwamba, itafanya hivyo hivyo yenyewe bila kuniuliza.

Nikavuta pumzi. Nikaangalia taa ya rimoti. Kijani. Bado inaongea na droni. Ile video niliyoiangalia mara nyingi mpaka nikaikariri ilisema hivi: app ikifa, tulia, simu ilikuwa macho tu, mikono bado unayo. Vijiti vya rimoti vinafanya kazi.

Sawa. Mikono ninayo. Macho nayatoa wapi?

Jua lilikuwa limesimama pale pale juu ya mwamba, ukiangalia unaona rangi rangi tu. Upepo wa ziwa unavuma, sauti haisikiki. Nikaanza kusukuma kijiti cha kupanda, lakini napandisha kipofu, sijui imepanda kiasi gani, sijui upepo umeibebea wapi.

Hapo ndio ng'ombe za mbele zikatokeza kwenye kona ya mwamba.

Zimesimama. Zote. Jike jeusi mbele, masikio yamesimama wima, kichwa juu, anaangalia kitu angani upande wake wa kushoto. Na zile za nyuma yake, vichwa vyote upande huo huo, kama watu kanisani mtu akichelewa kuingia. Wachungaji wanapiga miluzi, haziendi.

Mimi nimekua na ng'ombe. Sikuwaga mchungaji mzuri, bibi anaweza kukusimulia mpaka kesho, lakini huwezi kukua hapa usijue kusoma sikio la ng'ombe. Likisimama, kitu kiko karibu. Likianza kulegea, kitu kinaondoka. Likianza kupiga nzi, ameshasahau.

Sato wangu, nikaacha kuangalia angani. Nikaangalia masikio.

Nikasukuma kijiti juu. Masikio wima. Nikasukuma. Wima. Jike jeusi akarudi nyuma hatua, nikasikia bibi nyuma yangu ameita jina langu lote, la ubatizo na la nyumbani. Nikasukuma tu, moyo unagonga kama mashine ya kusaga. Vichwa vikaanza kupanda pole pole, yaani zinaifuata inavyopanda! Zinaifuata! Nikapiga kelele peke yangu, "Panda mama, panda!" Baba mdogo akafikiri naongea na ng'ombe.

Halafu sikio moja la jike jeusi likalegea.

Likafuata la pili. Akapiga mkia. Akashusha kichwa, akanusa njia, akaanza kutembea. Mstari mzima ukamfuata.

Nikabonyeza kurudi nyumbani, maana droni ikiwa juu kuliko urefu uliouweka, inarudi huko huko juu iliko.

Nadhani sikupumua. Nimeangalia ukingo wa mwamba mpaka macho yakatoa machozi, na ghafla nikakaona kadoa keusi, juu kabisa, kametoka kwenye jua kanakuja kwetu taratibu kama hakana habari. Nikakata ule mwendo wake, nikachukua vijiti mwenyewe, maana pale iliporukia tayari akina mama wameshapanga masufuria. Sehemu pekee iliyobaki wazi uwanja mzima ilikuwa jiwe la bibi.

Ikatua katikati ya udaga.

Unga ukaruka kama mtu amepasua mto wa pamba. Mbwa akakimbia. Baba mdogo mweupe, mimi mweupe, bibi amesimama na ungo mkononi anatuangalia kama watu asiotujua. Na wakati huo huo, upande wa pili, jike jeusi akaingia getini kwa amani zake zote, na wenzake nyuma, na vigelegele vikapigwa mpaka nikahisi vinapigwa kwa ajili yangu.

Labda kidogo vilikuwa vya kwangu.

Shangazi Rhobi akaja moja kwa moja. "Wewe mtoto mbona hupokei simu?"

Nimemkumbatia tu, nikampaka udaga wote.

Bibi alingoja mpaka wageni wamekaa. Halafu akanipa kipande cha maini, kile ambacho huwaga hampi mtu. "Nzi lako limekula udaga wangu," akasema. "Lakini halikukimbiza kitu." Kwa bibi, hiyo ni medali.

Ningeishia hapa ingekuwa siku nzuri tu. Lakini subiri.

App ilikufa, kamera haikufa. Droni inarekodi kwenye kadi yake yenyewe. Jioni nikajifungia chumbani na Wegesa, nikaweka kadi kwenye laptop, tuangalie. Kila kitu kipo. Baba mkwe na vumbi lake. Shangazi na simu yake. Ng'ombe zote zimenyanyua nyuso zinatuangalia sisi machoni, Wegesa amecheka mpaka amekaa chini. Halafu droni inapanda, mwamba unakuwa mdogo, na uwanja wetu unatokea wote kutoka juu, watu wameshika viuno wananiangalia mimi.

Na nyuma ya jiko, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na mtu, kuna mtu.

Ana kitenge cha njano. Amepindua kinu cha bibi, amesimama juu yake, anachungulia njia juu ya uzio. Ng'ombe zinapoanza kutembea tena, anaruka ruka hapo hapo juu ya kinu, mikono mdomoni. Halafu anainua uso, anaiona droni, na anaipungia mkono.

Nikageuka kumwangalia mwenye kitenge cha njano. Amejifunika uso na mto.

"Nilisikia kelele, Nyangeta! Nikajua zinakimbia. Ningekaaje ndani?"

Kwa hiyo aliziona. Kwa macho yake mwenyewe. Mimi nimetoka jasho la magoti kumletea kitu alichokuwa anakiangalia bure akiwa juu ya kinu.

Akasema, "Kata hapo." Halafu akarudisha nyuma akajiangalia tena anavyoruka. Akarudisha tena. Akasema kwa sauti ya chini, "Ngoja, usikate."

Sasa shida ni hii. Bibi ameshatangaza. Kesho wakitoka kanisani, wazee wote na wageni wa Nyasura wanakaa sebuleni kwa baba mdogo kwenye ile tv kubwa, wanaangalia nzi lilichoona. Nimemuuliza bibi kama nipunguze punguze, video ni ndefu. Amekataa. "Yote. Usiruke hata kidogo." Na alivyosema hivyo aliangalia upande wa jiko, au nimehisi tu, maana kinu chake tulikirudisha na bado kina alama za visigino.

Wegesa amelala, anatabasamu usingizini. Laptop iko mapajani kwangu, mkasi wa kukata video uko pale kwenye skrini, kubonyeza tu.

Sato wangu, ungekuwa wewe, ungekata au ungeacha?