Fundi Ruphin na Kinga za Mabega

Mwaka umetimia leo, Baba Arlène, tangu uweke sindano chini dukani kwako Bertrams na kutuacha. Mimi mkeo Jeannine ndiye ninayeshika kalamu, watoto wako kando yangu. Tulitaka kukuandikia kwa upole, kama watu wanavyowaandikia marehemu wao. Utusamehe. Kwa tuliyoyaona Alhamisi, upole umetushinda.

Ulikuwa fundi wa suti. Mabwana harusi wetu wangapi hapa Johannesburg walipita mikononi mwako! Ulikula bukari, ugali wetu wa nyumbani, na utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Mteja hukumwambia hapana. Ndiyo maana Mwalimu Kip, mhadhiri wa chuo kile kidogo cha Braamfontein, alipokuja kulalamika kwamba timu yake mpya ya mpira wa Kimarekani ina kofia ngumu lakini haina kinga za mabega, ulimwambia awalete wachezaji wapimwe. Mchezo wenyewe hukuwahi kuuona. Ulidhani ni raga.

Ulikata godoro la wageni, ukashona kinga ishirini na mbili, zikawabana vizuri kama koti la harusi. Siku ya mechi ya kwanza hakuna timu iliyopendeza kama yetu, ila hakuna mchezaji aliyeweza kuinua mikono kupita kifua. Mpira ulipita juu ya vichwa vyao wakiutazama tu. Tulipigwa arobaini na moja kwa bila. Tulikucheka, nawe ukacheka kutushinda, kisha ukashika utepe wako shingoni. "Eish, Jeannine," ukasema, "niliwapima mikono chini. Hawa hawaendi harusi!"

Wiki nzima uliwasimamisha dukani mikono juu, ukiwapima upya. Wapita njia walidhani polisi wamevamia. Mechi ya pili na ya tatu tukafungwa, ya nne tukatoka sare. Ya tano, iliyokuwa ya mwisho, tulishinda saba kwa sita, baada ya nahodha Sagesse kudaka mpira akiwa amenyoosha mikono yote miwili juu. Ulilia, wewe mtu mzima, na utepe wako shingoni.

Miezi mitatu baadaye moyo wako ukasimama. Mazishini Mwalimu Kip alishika kipaza sauti, akaapa kwamba chuo hakitalisahau jina lako.

Basi Alhamisi chuo kilizindua kabati la vioo la kumbukumbu ya msimu ule. Tulikwenda tumevaa vizuri. Ndani mlikuwa na picha kubwa ya Mwalimu Kip, mpira, na kinga za Sagesse. Chini wameandika: "Vifaa vya kwanza. Zawadi ya marafiki zetu wa Marekani." Tulisoma mara mbili. Jina lako halikuwapo, hata kwa herufi ndogo.

Arlène akamuuliza Mwalimu Kip kulikoni. Akatabasamu, keki mdomoni, akanigeukia mimi. "Mama, msijali. Hao ndio wanaotuletea kofia, wakija wanataka kujiona hapo. Fundi tutamtafutia nafasi baadaye, sawa?" Kisha akanipa kipande cha keki kwenye karatasi. Nilikiacha juu ya kabati lake. Na huyu alikula mezani kwetu! Tulimwonea aibu sisi, kwa kuwa mwenyewe hana.

Sagesse alisikia yote. Akafungua kabati, akatoa kinga zake. "Hizi niliwaazima tu, Mwalimu. Sikuwapa."

Aliponikabidhi nikazigeuza, na ndani nikaona kitenge changu cha ndege wa buluu. Kile nilichokitafuta nyumba nzima, nikamnunia dada yako Chloé miezi na miezi nikidhani amekichukua! Nawe uliniambia kwa uso mkavu kwamba hujakiona. Ulitaka kitu laini kisiwachubue shingo. Chloé nimemwomba msamaha. Wewe na mimi tutalizungumza tukionana.

Mwalimu Kip akafoka kwamba tunaharibu sherehe. Tuliiharibu kweli, na hatujuti. Kabati lake liko hivyo hadi leo, na maneno yale ya uongo yako chini ya mahali patupu. Wageni wake waje wapatazame.

Jumapili hii kutakuwa na ibada yako, kanisani kwetu katikati ya jiji. Wachezaji wote wameomba kuja wamevaa kinga zako juu ya mashati meupe. Jana walipita dukani kuzijaribu. Nilivaa utepe wako, nikawaambia wainue mikono kama tunavyoinua tukiabudu. Iliinuka yote mpaka juu.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Jeannine, wanao Arlène na Pitchou, dada yako Chloé, na timu yako ya watu ishirini na wawili. Jumapili tutalitaja jina lako kwa sauti, mikono juu, na mwaka kwa mwaka hatutaacha kulitaja.